Milan Hawakubahatisha

Mvulana wa miaka 17 amesimama karibu na katikati ya uwanja, mpira kaushika kiunoni. Hadundi. Hatoi pasi. Mpinzani anayemkaba amesimama hatua chache mbele yake, naye hasogei. Jukwaani wamejaa watu wapatao 15,000, na saa ya uwanjani inazidi kuhesabu: dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Timu ya mvulana huyu iko nyuma kwa pointi 2.

Hapo penye “iko nyuma” ndipo ninapotaka tukae leo.

Ilikuwa tarehe 20 Machi 1954, katika ukumbi wa Butler Fieldhouse mjini Indianapolis, fainali ya mpira wa kikapu ya shule za sekondari za jimbo la Indiana, Marekani. Robo ya nne ilikuwa imeanza, Muncie Central 28, Milan 26. Mvulana ni Bobby Plump wa Milan, shule ya mji mdogo wa jina hilo huko huko Indiana, na alikaa na ule mpira kwa dakika 4 na sekunde 13, yaani zaidi ya nusu ya robo nzima, maana robo moja ya mchezo wa sekondari ni dakika 8. Timu inayoongoza ikipoteza muda, hilo kila mtu analielewa. Timu inayofungwa, ndani ya fainali, ikiamua kuacha saa iyoyome, hapo ama kocha amechanganyikiwa ama anajua jambo ambalo wengine ukumbini hawalijui.

Mwisho wake unafahamika na wapenzi wengi wa mchezo huu. Milan walishinda 32 kwa 30. Mji wenye watu wapatao 1,100, shule yenye wanafunzi 161, uliiangusha shule yenye wanafunzi takriban mara kumi ya hao, ambayo ilikwisha kutwaa ubingwa wa jimbo mara nne, miwili kati yake katika miaka ya 1951 na 1952. Tangu usiku ule hadithi imesimuliwa kama ya Daudi na Goliathi. Hollywood nao wakaichukua katikati ya miaka ya 1980, wakabadili majina ya watu na ya mji, wakaongeza machozi. Na kila inaposimuliwa, neno linalorudi ni lile lile: muujiza.

Mimi neno hilo silikubali. Lina sauti ya sifa, lakini ndani yake mna dharau. Ukimwambia mtu kwamba ushindi wake ni muujiza, umemwambia kwamba kwa akili yake na jasho lake asingefika pale. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya wavulana wa Milan ni kwamba walishinda kwa hesabu.

Tuanze na kocha. Marvin Wood alichukua timu hiyo mwaka 1952 akiwa na miaka 24, umri ambao wengine bado wanatafuta kazi ya kwanza. Alikuwa amecheza chuo kikuu cha Butler chini ya Tony Hinkle, mwalimu ambaye jina lake ndilo lililopewa ukumbi ule baadaye. Kwa maneno mengine, sakafu iliyochezewa fainali ya 1954 Wood aliijua kwa nyayo zake mwenyewe. Na wachezaji wake waliijua pia. Mwaka mmoja kabla, 1953, timu hiyo hiyo ikiwa na wengi wa wavulana wale wale ilifika nne bora za jimbo, ikacharazwa 56 kwa 37 na South Bend Central. Kipigo cha pointi 19 si jambo dogo kwa vijana wa sekondari. Lakini ni kipigo walichokipata wakiwa wamekwisha kuona taa za ukumbi ule, kelele zake, ukubwa wake na jinsi kikapu kinavyoonekana pale ambapo nyuma yake kuna watu mpaka juu. Picha ya vijana wa shamba wanaoingia ukumbini midomo wazi inapendeza kwenye sinema. Milan walirudi pale wakiwa na deni la kulipa.

Halafu kuna Pierceville. Ni kijiji cha nyumba chache jirani na Milan, kidogo kiasi kwamba hata Milan ni mji ukilinganisha nacho. Plump alitoka huko. Gene White, aliyecheza katikati, naye ni wa huko, na wenzao wengine wawili wa kikosi kile. Hawa hawakukutanishwa na kocha, walikuwa wakirushiana mpira tangu utotoni. Kwenye shule kubwa mchezaji bora wa darasa lake anakutana na mchezaji bora wa darasa jingine, wanapewa msimu mmoja au miwili wazoeane. Watoto wa Pierceville walikuwa wakijuana hivi kwamba mmoja akigeuza bega, mwingine anajua mpira unakwenda wapi. Hicho ndicho kitu ambacho shule ndogo inacho na shule kubwa haina, na hakuna anayekiandika kwenye takwimu.

Wapo watakaosema: sawa, walikuwa na uzoefu, lakini walishinda kwa kuua mchezo. Timu dhaifu ilikumbatia mpira, ikaponea chupuchupu. Basi tuangalie alama zao. Kabla ya siku ya fainali, Milan walikutana na Crispus Attucks, shule ya Indianapolis iliyokuwa na kijana wa miaka 15 aitwaye Oscar Robertson, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa waliowahi kugusa mpira wa kikapu. Milan wakashinda 65 kwa 52, Plump akifunga pointi 28. Mchana wa siku ya fainali yenyewe, kwa sababu nusu fainali na fainali zilichezwa siku moja, wakawafunga Gerstmeyer ya Terre Haute 60 kwa 48. Usiku wake, 32.

Timu inayofunga 65, kisha 60, kisha 32, haikusahau kufunga kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Ilichagua. Waliweza kukimbia na Attucks, wakakimbia. Muncie Central walikuwa warefu, wenye nguvu chini ya kikapu, na Wood hakuona sababu ya kushindana nao mahali walipokuwa na nguvu. Kipindi cha kwanza kilimalizika Milan wakiongoza 23 kwa 17. Robo ya tatu ikawa mbaya, walipata pointi 3 tu, Muncie wakasawazisha 26 kwa 26, na robo ya nne ilipoanza wakapita mbele.

Hapo ndipo Wood alipomwacha Plump asimame na mpira. Alikuwa na mtindo wake aliokuwa amewafundisha vijana wake, paka na panya kama walivyouita, wa kushikilia mpira na kumlazimisha mpinzani aamue kama anatoka au anabaki. Lakini kuutumia ukiwa nyuma kunahitaji kifua.

Naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, maana bila hiyo tutarudi kwenye muujiza. Tuseme timu mbili zinakutana, na katika kila pambano dogo, yaani kila safari ya kwenda na kurudi uwanjani, ile dhaifu inashinda mara 4 katika kila 10. Mkishindana pambano moja tu, dhaifu ana nafasi 40 kati ya 100. Mkisema atakayeshinda mawili kati ya matatu ndiye mshindi, nafasi yake inashuka hadi 35. Matano kati ya tisa, inakuwa 27. Yakiwa mapambano 25 na mshindi ni atakayeshinda 13, amebaki na nafasi 15 tu kati ya 100. Timu haikubadilika, udhaifu wake ni ule ule, kilichobadilika ni idadi ya mara ambazo mwenye nguvu amepewa fursa ya kuonyesha nguvu zake. Mchezo mrefu ni rafiki wa mkubwa.

Sasa rudi uwanjani. Zimebaki dakika karibu 8, uko nyuma kwa kikapu kimoja, wenzako wamepoa, wapinzani wamepata moto. Mkiendelea kupishana kwenda na kurudi, kila safari inawapa Muncie nafasi nyingine ya kupanua pengo. Ukishika mpira, pengo linabaki kikapu kimoja, wavulana wako waliocheza mchana wanapata pumzi, na moto wa mpinzani unapoa akiwa amesimama. Na Muncie? Wao wanaongoza. Kwa nini watoke kwenye ulinzi wao kumfuata kijana aliyesimama mbali na kikapu, waache uwazi nyuma yao, na hali saa inawafanyia kazi? Kila mmoja aliamini kwamba muda uko upande wake. Ni nadra sana michezoni pande mbili kukubaliana bila kusemezana, na mmoja wao tu ndiye aliyekuwa amepiga hesabu sawasawa.

Sheria za wakati ule zilimruhusu. Hakukuwa na saa ya kulazimisha timu itupe mpira kikapuni. Wood hakuwa wa kwanza kuutumia mwanya huo. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons, timu ya kulipwa ya jimbo hilo hilo la Indiana, iliifunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, alama ndogo kuliko zote katika historia ya NBA. Mchezo huo na mingine ya aina yake ndiyo iliyoifanya NBA ikubali sheria ya sekunde 24 mwaka huo huo wa 1954, wiki chache tu baada ya fainali ya Milan. Danny Biasone, mmiliki wa timu ya Syracuse, alikokotoa hivi: mchezo wa dakika 48 una sekunde 2,880, na mchezo mzuri kwa macho yake ulikuwa na mitupo kama 120, gawanya, unapata 24. Ninaikubali sheria hiyo na ninafurahia mchezo iliouzaa. Lakini tuwe wakweli kwamba iliondoa silaha moja mikononi mwa mnyonge. Kila unapomlazimisha kila mtu acheze haraka, umeongeza safari za uwanjani, na hesabu ya safari nyingi tumekwisha kuiona.

Sehemu ya hadithi ninayoipenda kuliko zote ndiyo inayorukwa. Baada ya zile dakika 4 na sekunde 13, baada ya kusubiri kote kule mbele ya watu 15,000, Plump hatimaye alitupa. Akakosa.

Akakosa, na Muncie wakauchukua mpira wakiwa bado mbele kwa 2. Kama huu ungekuwa muujiza, ungekuwa umekwisha pale. Lakini mpango mzuri hautegemei mtupo mmoja. Muncie, waliokuwa wamesimama muda wote ule, walianza tena mchezo miguu ikiwa mizito na mikono ikiwa baridi, wakapoteza mpira. Ray Craft akasawazisha, 28 kwa 28. Muncie wakapoteza tena, Plump akapewa mitupo huru miwili, akaitia yote, 30 kwa 28. Craft akapata nafasi ya karibu na kikapu ya kumaliza kazi, ikamtoka. Gene Flowers wa Muncie akasawazisha 30 kwa 30. Utaona mwenyewe: Plump kakosa, Craft kakosa, Muncie wamepoteza mpira mara mbili. Hapa hapana mkono wa mbinguni, pana vijana waliochoka wanaokosea kama vijana wanavyokosea, na timu moja iliyojiwekea nafasi ya kukosea bila kufa.

Zikiwa zimebaki sekunde 18 Milan waliomba mapumziko. Kila mtu anakumbuka kilichofuata, Plump akimvuta mlinzi wake upande wa kulia, akasimama ghafla, akaruka na kutupa kutoka futi kama 15, mpira ukaingia zikiwa zimebaki sekunde kama 3. Wachache wanakumbuka kwamba wazo la wale wanne wengine kuhamia upande mmoja wa uwanja, wamwachie Plump upande mzima peke yake, lilitolewa na mchezaji, Gene White, pale pale kwenye duara la mapumziko. Kocha wa miaka 26 katika fainali ya maisha yake, zimebaki sekunde 18, anamsikiliza mvulana wa sekondari na kukubali. Mtu akiniuliza siri ya Milan iko wapi, nitamwonyesha hapo kabla ya kumwonyesha mtupo.

Walimaliza msimu wakiwa wameshinda michezo 28 na kupoteza 2. Usiku ule walizungushwa katika duara la Monument Circle, katikati ya Indianapolis, wakiwa ndani ya magari ya Cadillac, na kesho yake msafara wa kuwarudisha nyumbani ulivuta umati unaokadiriwa kufika watu 40,000 katika mji wa watu 1,100.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo wasimuliaji wengi wa hadithi ya Milan hulipita haraka. Wale Crispus Attucks waliofungwa 65 kwa 52 walirudi mwaka uliofuata, wakatwaa ubingwa, na kuwa shule ya kwanza ya Waamerika Weusi kushinda ubingwa wa wazi wa jimbo nchini Marekani. Mwaka 1956 wakautwaa tena bila kupoteza mchezo hata mmoja, jambo ambalo hakuna bingwa wa Indiana aliyewahi kulifanya kabla yao. Attucks ilifunguliwa 1927 mahususi ili kuwatenga wanafunzi weusi wa jiji, na hadi 1942 shule za weusi, pamoja na za Kikatoliki, hazikuruhusiwa hata kuingia katika mashindano hayo. Ukumbi wao wa shule ulikuwa mdogo mno kupokea wageni, hivyo michezo yao ya nyumbani waliichezea kwa watu. Baada ya ushindi wa 1955 walipelekwa Monument Circle kama Milan, wakazungushwa, kisha wakaondolewa upesi na kupelekwa kusherehekea katika bustani ya mtaa wa weusi. Robertson ameeleza zaidi ya mara moja jinsi jambo lile lilivyomchoma.

Ninaliweka hapa kwa sababu linahusu swali lile lile la nani anaitwa mdogo. Ukihesabu wanafunzi, Milan ndiyo iliyokuwa ndogo na Attucks ndiyo iliyokuwa kubwa. Ukihesabu milango iliyofungwa, jibu linageuka. Na zingatia pia tofauti ya maneno: Milan wakiitwa muujiza, Attucks waliitwa wenye vipaji vya kuzaliwa, kana kwamba kocha wao Ray Crowe hakuwa akikesha na mipango kama Wood. Pande zote mbili zilinyimwa kitu kile kile, yaani kukubaliwa kwamba walifikiri.

Na hoja hii haikuishia katika masimulizi, imegusa hata sheria. Tangu 1911 Indiana ilikuwa na mashindano ya aina moja tu. Kila shule, kubwa kwa ndogo, iliingia katika mtoano mmoja, ukifungwa unarudi nyumbani, na anayebaki mwisho ndiye bingwa wa jimbo zima. Mwaka 1954 ziliingia shule 751. Kisha sheria ya mwaka 1959 ikaziunganisha shule za vijijini, ndogo zikamezwa moja baada ya nyingine, na kufika 1997 zilikuwa zimebaki 382. Mwaka huo ndio uliokuwa wa mwisho. Tangu msimu wa 1997/98 shule ziligawanywa katika madaraja manne kulingana na idadi ya wanafunzi, kila daraja na kikombe chake.

Waliotaka madaraja hawakuwa watu wabaya. Hoja yao ilikuwa na uzito: katika miaka 43 baada ya Milan hakuna shule ya kiwango chake iliyorudia jambo lile. Plymouth walipotwaa ubingwa mwaka 1982 walisifiwa kuwa shule ndogo kuliko zote tangu Milan, na bado walikuwa na wanafunzi mara kadhaa zaidi yake. Kwa nini, waliuliza, mtoto wa shule ndogo aendelee kupelekwa kuchinjwa kila mwaka kwa ajili ya hadithi ya zamani? Mpeni mashindano anayoweza kushinda. Plump mwenyewe, akiwa mtu mzima, alisimama mstari wa mbele kuyapinga mabadiliko hayo, na wengi wakaona ni mzee anayelinda kumbukumbu zake.

Mimi niko upande wa Plump, na sababu yangu ni ile hesabu. Kama 1954 ulikuwa muujiza, basi madaraja hayakuondoa kitu, kwa kuwa miujiza haipangiwi ratiba. Lakini kama ilikuwa kazi ya miaka, ya watoto waliokua pamoja, waliofungwa kwa pointi 19 wakajifunza, waliojua lini pa kukimbia na lini pa kusimama, basi mtoano ule mmoja ulikuwa mtihani halali ambao shule ndogo iliweza kuufaulu. Mara chache sana, ndiyo. Mara moja kwa kizazi, au hata kidogo ya hapo. Uchache huo ndio uliofanya kocha wa kijana kukaa usiku akichora namna ya kumzuia mtu mrefu kumpita. Kikombe cha daraja la shule ndogo kinaheshimika, na kijana aliyekipata amekitolea jasho lake. Ila hakimwulizi swali ambalo Wood aliulizwa.

Machi 1997 Bloomington North waliifunga Delta 75 kwa 54, wakawa mabingwa wa mwisho wa Indiana nzima. Msimu uliofuata vilitolewa vikombe vinne. Katika mtoano wa kila daraja hapakuwa tena na njia ya Milan kukutana na Muncie Central.